Gitaa la Mashoto

Karakanani, chumba cha nyuma
14 Agosti

Mpendwa Kaka Mashoto,

Pokea salamu zangu kabla sijakuharibia siku. U mzima? Mtoto kifua kimepona? Na wifi, bado anakufungia chakula cha watu watatu? Sisi huku wazima, ukimtoa Baba, na ni yeye aliyenifanya nishike kalamu.

Anakohoa tangu mvua zilipokatika. Anasema ni vumbi la msasa tu, kana kwamba hakulivuta miaka arobaini bila hata chafya. Amekonda mpaka mkanda ameutoboa matundu mapya kwa keekee. Nikimtajia hospitali ananiuliza shingo iliyochongwa nusu ataimalizia nani, daktari?

Desturi yetu unaikumbuka: kabla ya kubandika ubao wa uso, fundi anaandika jina lake na tarehe kwa penseli ndani ya tumbo la gitaa. Babu alifanya hivyo tangu magitaa yake ya debe na waya wa breki za baiskeli. Hakuna anayeyasoma maandishi hayo mpaka gitaa livunjike.

Basi mwezi wa nne, lile gitaa la Babu la ukutani lilipasuka uso kwa joto. Nikalifungua. Chini ya jina lake ameandika: "La mwisho." Na wakati ule alikuwa akibeba magogo peke yake, sote tulimwona! Alifunga nyuzi za gitaa hilo, na siku ya pili tukamzika. Baba alisoma, akaniomba gundi, akalirudisha ukutani na nyuzi zake.

Wiki iliyofuata akaanza gitaa jipya ambalo hakuna mteja aliyeliagiza. Siku ya kubandika uso hakuniita kushika vibanio. Aliandika akiwa amenipa mgongo.

Juzi alipotoka nikapenyeza kile kioo chetu chenye mpini kwenye tundu la sauti, nikamulika na tochi. Kioo kiligeuza herufi, nikazisoma moja moja. Maneno yaleyale, Kaka.

Na gitaa lenyewe ni la mkono wa kushoto. Katika ukoo wetu mashoto ni wewe peke yako.

Zilibaki nyuzi tu. Hapo nikafanya ujinga: nilizificha kwenye kopo la sukari, nikamwambia dukani zimekwisha. Nilijiambia akikosa nyuzi atasubiri, na akisubiri utamkuta. Alicheka hadi akakohoa. "We Chiriku, tangu lini duka lile likaishiwa nyuzi?"

Kaka, naogopa. Usingoje likizo, panda basi. Mwambie umekuja kututembelea tu. Ameniuliza mara mbili kama bado unafuga kucha za mkono wa kushoto.

Nisalimie wifi, mtoto, na shangazi mwenye maneno mengi kunishinda. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama.

Dada yako anayekupenda hata unapochelewa kujibu,
Chiriku

Nimeifungua tena bahasha. Asubuhi hii gitaa la Babu linaning'inia ukutani bila uzi hata mmoja. Baba yuko kwenye benchi, amenipa mgongo. Ameshafunga nne kati ya sita.