Posa Iliyotupeleka Ludlow

Alkhamisi, 24 Juni 2004. Mabela

Tiketi zimetoka. Mie na Bibi Shaikha, mama yake baba, Jumamosi tunaruka. Uingereza! Kwa Ami Mahfoudh, mdogo wake marehemu baba.

Nyumba nzima wanasema tunakwenda kutembea. Mama anasema kutembea. Jirani kaambiwa kutembea. Lakini Bibi kachukua halua, na udi, na pete yake ya zamani kaifunga kwenye leso. Mtu hendi kutembea na pete kwenye leso. Tunakwenda kumposa Nawar, binti ya Ami.

Leo sokoni Mawaleh, Jaifar kanicheka mpaka kakaa juu ya magunia ya vitunguu. Jaifar tunapakua mzigo pamoja, hana dogo. "Yakhe, mtoto kasoma chuo kikuu huko, weye utamwambia nini? Utamsomea majina ya mboga?" Nikacheka na mie. Kisha nikapanga makasha ya tungule kimya kimya. Kasema kweli. Mie skuli niliacha darasa la sita, tulipohamia huku Maskati kutoka Unguja. Kiarabu kikanishinda, nikaingia sokoni.

Akikataa sitokufa. Ninaloogopa jengine. Nnaogopa akubali kwa kumstahi baba yake. Nikae naye maisha, nimwangalie usoni kila asubuhi nisijue kama alitaka.

Jumapili, 27 Juni. Ludlow

Tumefika. Baridi – na wanasema hii ndio joto!

Ndege, kisha gari ya Ami, safari ndefu. Bibi anaita nchi nzima London. Tumeshaipita London zamani, bado anauliza, "Hii London haishi?" Mashamba, kondoo, mashamba, kondoo. Kijani mpaka macho yanauma. Hapana jabali hata moja tupu, yote yamevishwa majani.

Mji wenyewe juu ya kilima. Nyumba za zamani zimejengwa kwa magogo meusi na chokaa nyeupe katikati, na nyengine zimeinama kama zinataka kumnong'oneza mtu. Bibi kaziangalia kutoka dirishani. "Mahfoudh, hizi haziwaangukii?" Ami kasema ziko hivyo karne na karne. Bibi hakuridhika.

Nawar katupokea mlangoni. Mara ya mwisho nilimwona tuna miaka saba nane, kwenye harusi Unguja, kanimwagia sharubati. Leo kavaa jinzi na mtandio. Kiswahili chake cha mama yake, cha zamani kabisa, "hamjambo, karibuni, mumechoka?" Kama kumsikia mtu mzima ndani ya msichana. Nikaitikia. Kisha sikusema tena mpaka chakula kikaondoshwa.

Khalti Mahbuba, mama yake, kaniuliza kama naumwa. Bibi kanijibia: "Huyu hana maneno. Babu yake vivyo hivyo, na tumezaa tisa." Nawar kakimbilia jikoni. Nimemsikia akicheka huko. Mie natamani sakafu ifunguke.

Saa tatu na nusu usiku, jua ndio kwanza limezama. Tumeswali Magharibi, na watoto wa jirani bado wanacheza mpira nje!

Jumatatu, 28 Juni

Siku ya soko. Nawar katupeleka, mie na Bibi.

Soko lao liko uwanjani mbele ya ngome. Meza, mahema ya milia, maua, jibini, mikate, vitabu vya zamani. Nilivyozoea Mawaleh, kelele na malori na watu kuitana, nilidhani mtu kafa. Wanauza kwa kunong'ona. Mbatata wamezipanga moja moja na udongo wake. Nilitaka nizishike, nikaona haya.

Bibi hakuona haya. Kaokota sanduku la yale matunda mekundu, stroberi, kauliza bei kwa Kiswahili. Nawar kamtafsiria. Bibi: "Mwambie apunguze." Nawar: "Bibi, huku hawapatani." Bibi: "Soko gani hilo? Hilo duka!" Nawar uso mwekundu. Muuzaji, mzee mwenye kofia bapa, anatutazama tu. Mwisho Nawar kamwambia, sijui kamwambia nini. Mzee kacheka, kaongeza kiganja kizima cha stroberi juu. Bibi kanigeukia: "Umeona? Kashuka."

Tukaingia na ngomeni. Kubwa! Lakini haina mapaa, kuta tu na njiwa. Kwetu ngome inatengenezwa mpaka inakuwa mpya. Hii wameiacha imevunjika, na watu wanakuja mbali kuitazama ilivyovunjika. Nimeipenda hivyo hivyo. Haijifanyi.

Bibi kachoka, kakaa kwenye benchi na stroberi zake. Mie na Nawar tukasimama ukutani, mto unapita chini. Yeye: "Kwani weye husemi?"

"Nasema. Ndani."

Kacheka. Si kwa kunicheka. Nnajua tofauti, nimechekwa sana.

Jumatano, 30 Juni

Mvua kutwa. Nimesikia nisilotakiwa kusikia.

Nilikuwa ngazini nashuka kuchukua maji. Ami na Bibi sebuleni. Ami anasema kijana ana adabu, hana neno naye, ila masomo… Bibi akamkatiza, masomo si anayo mkewe, ya nini wayarudie wawili? Kisha Ami kasema, pole pole, kama anasema jambo zuri: "Nawar mtoto msikivu. Nikimwambia akubali, atakubali."

Nikarudi juu bila ya maji.

Ijumaa, 2 Julai

Ludlow hapana msikiti karibu. Tumeswali adhuhuri nyumbani, Ami kasalisha. Kisha mvua ikakata, na Khalti Mahbuba kasema Nawar akanioneshe shamba. Bibi aje pia? "Bibi magoti yake," kasema Khalti. Kanitazama alivyosema. Yule mama anaona.

Tukashuka kilimani, tukapita chini ya mlango wa mji wa zamani. Watu wanaishi juu ya mlango! Mapazia dirishani, gari zinapita chini. Tukavuka daraja la mawe, tukaingia mashambani. Pana kibao kinaonesha njia, na njia yenyewe inakata katikati ya shamba la mtu. Shamba la mtu! Pana uzio, na kwenye uzio vibao viwili vya kukanyaga mtu akiruka. Nawar karuka. Mie nikasimama.

"Njoo!"

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Hapana haja. Ni njia ya watu wote, sheria."

Sheria sawa. Lakini mtu hakanyagi kiwanja cha mtu hivi hivi, miguu ikakataa. Nikavuta pumzi. "HODI!"

Kondoo wote wakainua vichwa. Nawar kakaa chini kwa kicheko, kashika tumbo. Na wallahi, nyuma ya mti katoka mwenye shamba na mbwa wake! Mzee, viatu vya mpira mpaka magotini. Kasema neno. Nikamuuliza Nawar, kasema nini? Kasema jioni njema, na funga geti la kule mbele, ng'ombe wanatoka. Basi. Nikajiwekea mkono kifuani, na yeye kagusa kofia. Nikaruka.

Baada ya hapo ikawa rahisi kutembea naye. Kanionesha mlima wenye kichwa bapa, mbali. Kaniambia anasomea ualimu, na watoto wa darasa analofundishia mazoezi wanamwita Misi Nawa. Kaniuliza Mawaleh kukoje. Nikamwambia: alfajiri malori kutoka Batina na Dubai, harufu ya kotmiri, Jaifar na mdomo wake. Nimesema sana, sijui maneno yalitoka wapi.

Pale kwenye geti, kabla hatujalifunga, nikasema lile nililolibeba toka Jumatano. Nilikuwa nimelipanga. "Nawar, ukitaka kukataa, usiogope. Nitasema mie ndiye sikutaka. Lawama yote itakuwa yangu."

Nilidhani atashukuru. Nilidhani nimefanya jambo la kiume.

Kanitazama. "Baba anataka kunikubalia. Bibi anataka kunikubalia. Na weye unataka kunikatalia. Mie mdomo wangu mumempa nani?"

Kalifunga geti mwenyewe. Kwa nguvu.

Tumerudi yeye mbele mie nyuma.

Jumamosi, 3 Julai

Hajanisemesha. Chumvi kampa Bibi anipe.

Na ana haki. Nimefikiri usiku kucha, nimeliona. Nilikuwa nnaogopa Ami asimwamulie, kumbe na mie namwamulia, nimegeuza upande tu. Nilimtafuta nimwambie. Yuko chumbani, kafunga.

Bibi ananiuliza mmegombana? Nikasema la. Bibi kasema afadhali mngegombana, wanaogombana wana la kugombania.

Jumapili, 4 Julai

Kesho tunaondoka. Asubuhi nimempata jikoni, anaosha vikombe. Nikachukua taulo, nikafuta. Vikombe vyote. Kisha nikasema, "Mdomo wako ni wako. Utakalosema nitalisikiliza. Hata likiwa refu."

Kanipa na sufuria niifute.

Jioni, baada ya chakula, Ami kakohoa kile kikohozi cha watu wazima. Bibi kaitoa leso. Kaiweka mezani, haijafunguliwa. Ami: wageni wetu wanaondoka, na jambo lililowaleta tunalijua. Nawar…

Nawar kasimama. Kawaida mtoto wa kike anainamisha kichwa, mama ndiye anayesema. Yeye kainua kichwa, mikono kaifunga nyuma.

"Nyinyi mumekuja kuniona mie kwetu. Mumeona soko letu, mumekula chakula chetu, Hamoud kawapigia hodi mpaka kondoo wetu. Mie yeye kwao sijamwona. Disemba skuli zinafungwa. Nitakwenda Maskati. Nitamwona anavyoishi, anavyofanya kazi, anavyosema na watu wake. Kisha nitajibu mwenyewe."

Ami kafungua mdomo, kaufunga.

Bibi: "Toka lini mwanamke anakwenda kupeleleza mume kwa miguu yake?"

Khalti Mahbuba kaweka kikombe chini. "Toka leo."

Ami kanigeukia mie. "Hamoud, unasemaje?"

Wote wakanitazama. Nikasema, "Atakaribishwa." Neno moja. Lakini nimelisema kwa sauti.

Bibi kairudisha leso kifuani. Ananuna. Alivyopita kwenda kulala kanifinya shavu, tena kwa nguvu, kama nilipokuwa mdogo na nimefaulu.

Alkhamisi, 16 Disemba. Uwanja wa ndege, Seeb

Naandika garini, daftari nimeliegemeza kwenye usukani. Ndege imeshatua. Bibi na Mama wako ndani wanapokea. Polisi kaniambia hapa pa kuchukua abiria tu, dakika chache, nisizime gari. Nikamwambia namngoja mtu kutoka Uingereza. Kasema kila mtu hapa anangoja mtu.

Kwa simu tumesema kila Ijumaa. Yeye ndiye anayesema zaidi, lakini na mie siku hizi nasema. Mwezi uliopita nimesema mpaka kadi ikakatika katikati. Lile jawabu hajalisema. Sijamuuliza. Nilimwambia nitasikiliza, basi nasikiliza.

Jaifar kaapa kesho sokoni hatosema upuuzi mbele yake. Hataweza. Nimefagia mahala petu mara mbili, mpaka Mbengali wa jirani kaniuliza waziri anakuja?

Wanatoka. Ndiye. Mtandio wa buluu, anasukuma toroli mwenyewe, Mama anagombea kumsaidia. Masanduku matatu makubwa! Kwa wiki mbili? Nisihesabu. Nisifikiri.

Hajaniona. Kaniona! Kainua mkono.

Bibi keshafungua mlango wa nyuma, anampangia pa kukaa, katikati yake na Mama, kama inavyotakiwa. Nawar haendi nyuma. Anazunguka gari. Anakuja huku mbele – upande wangu! Labda mazoea tu, kwao upande huu wa kushoto ndio anakaa abiria, dereva yuko kule. Labda.

Bibi anapiga kelele, "Huko kwa dereva, mwanangu!"

Kasikia. Najua kasikia, kacheka. Bado anakuja. Basi si mazoea. Mkono wake huu, kwenye kitasa –