Mshona Mikono

Kwako mdogo wangu Kifungo,

Salamu zikukute u mzima, na goti la mama liwe limetulia. Mimi mwili haujambo, ila roho inachemka. Kaa kitako nikueleze.

Barua yako nimeipata. Umeandika kwamba nimenogewa na ughaibuni, kwamba nataka kula peke yangu, kwamba karatasi zako za kuombea kibali nimezikalia. Niliisoma jikoni, nikaitupa kwenye sinki, kisha nikaiokota na kuianika dirishani. Hasira zangu unazijua.

Sasa sikia. Kibali changu kimeandikwa mshona mikono, katika kiwanda hiki kimoja cha sare, chini ya tajiri huyu mmoja. Mikono ya mashati, basi. Mimi niliyekushonea sare zako zote za shule, mwaka wa tatu huu sijashona shati zima. Nikigusa kola nimevunja sheria. Nikihamia kiwanda cha jirani nimevunja sheria. Wenyeji wakikorofishana na msimamizi wanabamiza mlango na kwenda zao. Mimi namtukana kimoyomoyo huku nakanyaga cherehani.

Mwaka jana mshona kola anayekaa kulia kwangu aliumwa jino mpaka uso ukavimba. Nikamshonea kola kumi na mbili ili asionekane kazembea. Msimamizi akaniona, akaandika. Wiki ile ile tajiri akaniita, akasema kibali changu kikiisha hataniombea kingine, maana nimefanya kazi nisiyoruhusiwa. Kisha akatabasamu, mshenzi yule, akasema amesikia nina mdogo wangu fundi. Ofisi ya vibali imempa nafasi moja tu ya mgeni wa kushona mikono, hivyo nilete karatasi zako ukae wewe. Ukikosekana, basi itabidi anivumilie mimi.

Kifungo, karatasi zako sikuzipeleka. Ziko chini ya godoro langu, pamoja na zile picha nne ulizonyoosha shingo kama askari. Nilimwambia tajiri umeolewa, umeghairi safari. Akaniongezea mwaka. Wewe ukaiandikia barua ofisi ya vibali kuuliza, ukalia, na mimi nikaendelea kushona mikono.

Nilijiambia nakulinda na watu hawa. Uongo mtupu. Nililinda kiti changu. Naichukia sheria iliyotugombanisha mimi na wewe kwa kiti kimoja, na najichukia mimi zaidi, kwa sababu nilikigombania bila wewe kujua.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu. Nimeijaza yote, na tajiri ameshatia sahihi; nilimwambia ndoa yako imevunjika, akacheka. Pamebaki mahali pa sahihi yako. Ukisaini, usinitafute uwanja wa ndege siku utakayofika, maana nitakuwa nimeondoka, tutapishana huko huko angani. Usiposaini, ichane, na usinifiche kwamba umeichana. Picha tatu nimezibandika. Moja nimebaki nayo.

Nisalimie mama na umbusu kwa niaba yangu. Habari ya godoro usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Ukija, kiti changu ni cha nne kutoka dirishani. Mguu wake wa kushoto umelegea, egemea kulia. Na kola usiguse, hata aumwe nani.

Ni mimi dada yako,
mshona mikono