Miwaridi Yako na Mahindi ya Baba

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili asubuhi, mvua zimeshatulia

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kwa baridi ya huko kimepoa. Pacha hawajambo? Uliandika kwamba wanagombania kiti cha dirishani. Nadhani kwa sasa wanagombania nyumba nzima. Sisi hatujambo. Goti la Mama linauma likipenda na linanyamaza likipenda. Baba bado anashona, ingawa siku hizi watu wananunua nguo zilizoshonwa tayari na kumletea yeye zipu zilizokufa.

Nakuandikia kuhusu miwaridi yako. Kama umesimama, kaa kwanza.

Kazi zilipopungua, Baba aliamua kupanda mahindi uani. Miwaridi ilikuwa katikati ya ua, palepale ulipoipanda kabla ya kuolewa, na uliondoka ukisema asiiguse mtu. Mimi nikasimama na kauli yako. Nilimshawishi Baba apande mahindi kandokando ya ukuta, mstari mmoja kuzunguka ua wote, kama pindo la gauni. Mfano wa pindo ulimfurahisha. Akakubali.

Mahindi yalirefuka, yakapendeza. Siku ya kuvuna, Mama alimenya la kwanza, akalitazama, akacheka hadi akakaa chini. "Njooni mumwone babu yenu," akasema, "hana meno!" Yote yalikuwa hivyo: punje hapa, pengo pale. Baba hakucheka.

Nilikaa na yale magunzi muda mrefu kuliko ilivyofaa. Shuleni nilifundishwa jambo hili nikalifaulu kwenye mtihani, na bado nikapanda pindo. Kila uzi wa ndevu za hindi unakwenda kwenye punje moja, na punje haijai mpaka uzi wake uangukiwe na unga wa mbelewele za kileleni, ule unaobebwa na upepo. Mahindi yakijipanga mstari mmoja, upepo unaupeleka unga huo kwa majirani. Hindi linataka ndugu zake pande zote, bega kwa bega.

Miwaridi nayo haikuwa na nafuu. Mama alikuwa akigawa samadi sawasawa kama anavyogawa nyama mezani, asionekane ana upendeleo. Na maji vilevile: ndoo inamwagwa kutoka juu, kila mmoja aoge. Mahindi yalishukuru. Miwaridi ikajaa majani matupu, ua hata moja hatukuliona, kisha majani yakaota madoa meusi na kudondoka. Baba akaipa jina: mchicha wenye miiba.

Msimu huu mpya ulipokaribia, alinisimamisha uani, mkanda wa kupimia ukiwa shingoni.

"Ua huu ni kitambaa cha suti moja, mwanangu. Moja tu. Dada yangu atanisamehe. Hata yeye hali maua."

"Kitambaa kinatosha suti mbili, Baba. Ni mkato tuliokosea."

Akaniangalia kama anavyomwangalia mteja anayebishana na kipimo. "Haya, fundi. Kata, nione."

Nimekata, Shangazi. Miwaridi yako nimeipunguza ikabaki vijiti visivyofika kiunoni. Nikachimba mbali na mashina, nikainua kila mmoja na bonge lake la udongo ndani ya gunia, nikaihamishia kule ukutani. Mahindi yamechukua katikati, mistari iliyobanana kama watu kwenye foleni. Niliuacha wa mwisho ule mkubwa, uliotokana na tawi la mwaridi wa Bibi. Nikaukata hata hivyo.

Hindi lina msimu mmoja tu wa kuishi, kwa hiyo lina haraka na njaa: jua kutwa, samadi kwa wingi, maji hasa linapotoa mbelewele, na umati wa wenzake. Mwaridi una miaka. Nao unapenda jua, lakini uupe maji miguuni, majani yabaki makavu. Uulishe kwa kiasi. Uuachie hewa kati yake na jirani yake. Na kila mwaka uupitishie mkasi bila huruma. Nilidhani kutoigusa ndiko kuipenda. Sikuombi radhi kwa kuigusa. Nakuarifu, ili ukija ukiikuta mahali pengine usidhani ni uzembe.

Baba ametoa sharti. "Mahindi yakinifika gotini na vijiti vyako havijachipua, vinakwenda jikoni." Mama akaongeza kwamba angalau vitachemsha chai.

Tafadhali usimpigie Baba simu kuiombea. Nakujua, naye namjua: atakubali kwa ajili yako, halafu kila akipita ukutani atanuna. Nataka ishinde yenyewe. Nayahesabu macho ya kila kijiti asubuhi na jioni, na hakuna lililofumbuka. Ila nikikwaruza gome kwa ukucha naona kijani chini yake. Hicho ndicho nilicho nacho, na sitaki kukiachia.

Mahindi hayajui kusubiri. Leo nilikuwa dirishani Baba alipotoka na kikombe chake cha chai. Alilifuata hindi refu kuliko yote, akasimama kando yake. Jani lilimgusa goti. Nililiona kwa macho yangu. Unamfahamu kaka yako, mtu asiyempunja mteja hata upana wa uzi. Akatazama vijiti vyako. Akatazama mlangoni, kama kuna mtu. Kisha akasogeza tofali kwa mguu, akapanda juu yake, akapima tena.

"Bado," akasema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake, akaingia kushona.

Sikumwambia kitu, nawe usimwambie.

Mama anakusalimu, anasema ukija ulete miwani yake uliyoondoka nayo. Msalimie Baba Pacha, na pacha wenyewe uwakumbatie mmoja mmoja, maana najua wakikumbatiwa pamoja watapigana. Mungu akutunze kifua na akuongezee nguvu za safari. Nataka uje ujionee kwa macho yako.

Sasa naiacha kalamu nikamwagilie, miguuni, majani yabaki makavu. Nikirudi nitapitia nyuma ya nyumba, nichukue tofali la pili nimwekee Baba karibu na lile la kwanza, asije akahangaika kulitafuta.

Akupendaye bila kupunguza,
binti wa kaka yako