Kusoma Mbio Mbio

Jumatatu, 3 Machi

Kozi imeanza. Meneja katuita wasahihishaji wote — wote, yaani watatu. Ametuletea mtaalamu wa kusoma haraka. Nimeshambatiza Mwalimu Mbio. Kanuni zake: usisome neno moja moja, rukia maneno mazito, na uzime ile sauti inayosoma kichwani. Nikauliza, na haraka haraka haina baraka? Akasema aliyeitunga hakuwa na kazi ya kuwahi. Watu wakacheka.

Sauti ndiyo shida. Ya kwangu ni ya Kasuku, mwenzangu wa zamani hapa kazini. Miaka yote tulisahihisha wawili: yeye anasoma mswada kwa sauti, pamoja na "koma" na "nukta" zake, mimi nafuata kwenye kurasa zilizopangwa tayari kuchapwa. Alistaafu, akahamia kwa bintiye, mbali. Kiti chake wamewekea printa. Lakini kila nikifungua ukurasa, yeye huyo, koma, nukta. Nimzime?

Jumatano, 5 Machi

Imewezekana! Kimya kabisa. Ukurasa umekwisha kabla chai haijapoa. Nilichosoma sikijui vizuri, ila nimemaliza.

Nyumbani nako kimya. Nimewasha redio, kuwe na mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Mtihani. Nimekuwa wa kwanza! Makofi. Mwalimu Mbio anasema mimi ni ushahidi kwamba mbinu zinafanya kazi. Sikumwambia kwamba kile kitabu cha ufugaji wa kuku alichotupa tusome nilikisahihisha mwenyewe. Kisha akatupa makala ya bima, kitu nisichokijua. Nilimaliza upesi vilevile — maswali nikaambulia patupu. Hapo hakuna aliyepiga makofi. Meneja anasema nitazoea.

Jumapili, 9 Machi

Ujumbe wa Kasuku, mrefu kama kawaida. Yeye haandiki, anamwaga. Nimeurukia kwa mbinu. Mjukuu, kafaulu. Mkwe, cheo. Nyumba mpya. Furaha. Nikajibu hapohapo: hongereni shoga, furahieni nyumba mpya, mimi huku sijambo, nimeshazoea kukaa peke yangu.

Hilo la mwisho ni uongo. Lakini mtu ana furaha zake, ya nini nimtilie mchanga kitumbua chake? Akajibu: Sawa. Kasuku, neno moja!

Jumatano, 12 Machi

Hajaandika tena. Nimempigia, hapokei. Kazini nimerudishiwa kurasa: kichwa cha sura kimerudiwa mara mbili, nami nimepita juu yake kama sikukiona. Jirani yangu wa meza kacheka, eti mama siku hizi unapaa.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimeusoma upya ujumbe wa Kasuku. Kwa kidole, neno kwa neno, na sauti yake ikarudi yenyewe. Katikati, baada ya nyumba mpya:

"Kwao ni furaha, na mimi nafurahi nao, ila vyumba ni viwili tu, nitalala sebuleni. Hawajasema baya, lakini naona mwenyewe. Nikawaza kile chumba chako cha nyuma. Kama bado kitupu, nije tuzeeke pamoja. Ukiona vigumu usijieleze, nitaelewa, wala sitauliza tena."

Nami nikamjibu nimezoea kukaa peke yangu!

Nimelia. Chumba cha nyuma kina meza ya pasi na mwavuli, basi. Nimepiga simu, haipokelewi. Nimeandika, hajafungua. Kusoma ndiyo kazi yangu, na mtu wangu mmoja nimeshindwa kumsoma.

Jumamosi, 15 Machi

Kapokea bintiye. Shikamoo mama. Anasema mama yake anafunga mizigo, anahamia kwa mjomba, basi linaondoka mchana. Kwa yule kaka yake Kasuku! Hawajawahi kukaa chumba kimoja bila kugombana. Nikasema niitie. Akasema mama hataki simu, ila ngoja nijaribu.

Nangoja. Simu sikioni, kalamu mkononi. Nisipoandika nitapiga kelele. Nasikia zipu ya begi. Nasikia wakinong'ona. Kandambili zinakuja, taratibu. Mtu kachukua simu.

Nimesema: shoga, sikukusoma. Nilikuruka. Njoo.

Anarudia, kwa sauti ile ya kusomea mswada: "Njoo, nukta."