Mrithi Wangu Hajui Kazi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na wanangu wote, na kwamba Mama analala usiku bila kulilia goti lake. Mimi afya ninayo, nashukuru. Ila nina hasira, Kaka, hasira ya kuchemsha chai nikasahau kutia majani. Umezoea kuniambia nivute pumzi kabla ya kufungua mdomo. Nimevuta wiki nzima na bado, kwa hiyo nivumilie.

Unajua kibali changu cha kazi kilikuwa kinaisha. Nilihitaji kiongezwe mwaka mmoja tu, fedha zitimie Mama afanyiwe operesheni yake ya goti, kisha nirudi kwa raha zangu. Lakini hapa kibali kikiisha unaanza upya kama mtu aliyeshuka jana. Picha mpya, masikio yote mawili yaonekane. Alama za vidole tena, utadhani nimeotesha vingine. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kilichopasuka kinachofinya paja, dirisha la kwanza likanituma la pili, la pili likanirudisha la kwanza. Binti wa rika la mwanao mkubwa akanifokea nisimame nyuma ya mstari, na mstari wenyewe ulishafutwa zamani na soli za viatu vyetu. Nikasimama. Mgeni kuku mweupe, walisema wahenga; walisahau kusema kwamba kila anayepita humnyonyoa unyoya.

Sheria ya hapa ni kwamba kila fundi wa kigeni awe na mwenyeji anayejifunza chini yake, wanamwita mrithi. Mrithi akiiva, mgeni hufunga mizigo. Sina ugomvi na sheria hiyo. Mrithi wangu ni Mama Pacha, yule niliyekuandikia ana kicheko cha kutikisa madirisha. Nimemfundisha kazi ya miguu ya bandia yote: kukifunga kigutu kwa plasta, kumimina umbo lake, kulisugua kwa tupa bila kugusa pale mfupa unapotaka nafasi, kuvuta plastiki ya moto juu yake kabla haijaganda. Sikumficha kitu. Si unakumbuka Baba alivyotulea, kwamba ukimfundisha mtu umfundishe mpaka akukosoe? Basi huyu ananikosoa, tena mbele za watu.

Safari hii afisa wa vibali ni mpya, akataka atuone sote pamoja. Njiani Mkuu wa karakana aliniomba nimwachie yeye maneno. Tulipoketi akaeleza kwa upole kwamba bila mimi karakana itakufa, kwamba mrithi wangu bado, ana mikono mizito. Afisa akamgeukia Mama Pacha, akamuuliza kama ni kweli. Mama Pacha akainamisha kichwa, akajibu kwamba ni kweli, hajui kazi, kila mguu anaoutengeneza mimi ndiye ninayeurekebisha.

Kaka, damu ilinipanda. Juzijuzi tu nilipolala na mafua alimtengenezea fundi mmoja wa kupaka rangi nyumba mguu mzima, na yule bwana amesharudi kwenye ngazi zake! Nikasimama, nikasema anajua, tena kwenye tupa ananishinda, na anayesema hajui ni mwongo hata akiwa ni yeye mwenyewe. Mkuu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikamwambia kwa sauti aache kunikanyaga.

Afisa hakufoka. Aliamua Mama Pacha apimwe: atengeneze mguu mmoja peke yake, mafundi wawili wa kutoka nje wakimtazama. Akishindwa, kibali changu kitaongezwa. Akiweza, basi.

Nilidhani tukifika nje Mama Pacha atanikumbatia. Alinigeukia kama chui. Aliniuliza nani kanituma, nani kaniambia anahitaji mtetezi. Kisha akanimwagia yote. Kila kibali changu kilipofikia mwisho, Mkuu alimpeleka kimyakimya kwa afisa aliyekuwepo, naye akasema hajui. Hakulazimishwa sana, alisema. Alitaka nibaki, kwa kuwa tangu nije ndipo alipoanza kuipenda kazi. Ndiyo maana wenzake walioanza naye kwenye karakana nyingine ni mafundi wa kuheshimiwa, na yeye hadi leo anaitwa mwanafunzi na watoto wake wanajua hivyo. Na mimi, kila kibali kilipoongezwa, nilikuandikia kwa mbwembwe kwamba watu hawa hawana ujanja bila mimi. Ulimsomea Mama maneno hayo kwa sauti. Naona aibu hadi vidoleni. Nina hasira na Mkuu aliyetuchezea wote wawili, nina hasira na Mama Pacha aliyenipa zawadi ya namna hiyo bila kuniuliza, na mwenyewe nikijitazama kwenye kioo natamani kujizaba kofi.

Mtihani ulifanyika juzi. Niliruhusiwa kukaa pembeni, nisiguse kitu wala nisikohoe. Mgonjwa alikuwa mpishi wa shule, amekatwa chini ya goti. Mama Pacha hakunitazama hata mara moja. Alifunga, akamimina, akaanza kusugua, na alipofika kwenye ule mfupa wa mbele tupa ikasimama mkononi mwake. Hapo ndipo penyewe, Kaka. Ukiondoa plasta ya unene wa ukucha tu pasipotakiwa, mguu unauma, na mtihani umekwisha.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Tupa iliposimama, nilimwomba Mungu akosee. Mimi niliyesimama mbele ya afisa nikapiga kelele kwamba anajua, niliomba akosee, nami nibaki. Tena niliomba kwa moyo wote.

Akasugua. Plastiki ilipopoa, yule mpishi akauvaa mguu, akaenda hadi mlangoni, akarudi, akasema haumuumi popote. Kibali hakitaongezwa. Mama Pacha ameitwa fundi mbele ya watu wote, na tangu hapo hajanisemesha, na sijui kama ananidai neno mimi au namdai yeye.

Narudi mwisho wa mwezi. Habari kwamba fedha za operesheni hazijatimia usimwambie Mama, nitamwambia mwenyewe, nikae naye uso kwa uso anitukane anavyotaka. Kazi nitatafuta hata ya kushona viatu, mikono ninayo.

Msalimie wifi, wabusu wanangu, na majirani wape salamu zangu. Wakiuliza kwa nini nimerudi, usimsingizie afisa wala Mkuu. Waambie mwanafunzi wangu ameiva. Na ukiwaambia usitabasamu, kwa sababu mimi bado nina hasira.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye mdomo