Kuinuka Bila Mikono

Brussels, 2 Septemba 2025

Mpwa wangu Jamila,

Assalam alaykum. Huku Ubelgiji hakuna daktari asiyenijua. Nikiingia hospitali kule Woluwe, maprofesa wanaacha kahawa zao, wananifuata kama bwana harusi. Bon, natumai wewe, mama yako na mtaa wote wa Buyenzi mu wazima. Mimi mzima, ila ini.

Leo wamenitukana. Ini langu limeharibika, unajua, ni ile homa ya ini ya zamani, si pombe, waambie hao wanaosema. Natakiwa kupewa jingine, la mtu aliyekufa. Sasa badala ya kuniandika kwenye orodha ya wanaongoja, wamenipeleka kwa binti mmoja wa mazoezi ya viungo, kine wanavyomwita huku, Anne-Marie, umri wako. Eti nikamue chuma kwa mkono. Nikakamua kidogo tu, nisikivunje. Eti nikunje mikono kifuani, niinuke kitini, nikae, niinuke tena. Mimi! Niliyebeba injini peke yangu kule kwenye kiwanda cha magari cha Forest kabla hakijafungwa, mpaka bosi akaniomba niishushe maana wenzangu wanaona haya! Nikamwambia: "Binti, kwetu mtu mzima anainuliwa." Nikakataa. Alors wanasema hawaniandiki.

Mjomba wako,
Kadiri

Bujumbura, 4 Septemba

Mjomba,

Waalaykum salam. Sisi wazima, ila mama hajala tangu nimsomee barua yako kwenye simu.

Ulikataa, au ulishindwa? Nimempigia Zuberi anayekaa nawe. Anajibu kwa fahari: "Mjomba hagusi kitu! Namwinua kitandani, namvisha soksi, wanawake wa msikitini wanamlisha." Na ni mimi niliyewaagiza! Mgonjwa wetu hupumzishwa, nami niliwapigia wote, mmoja mmoja: asiinuke. Kumbe Anne-Marie alimweleza Zuberi pale mlangoni: miguu isiyotumika inakwisha, na ukipasuliwa ukiwa hivyo hutaamka. Zuberi akaona ni matusi, akakuficha.

Nimewakataza wote. Asikuguse mtu. Inuka mwenyewe.

Mpwa wako mwenye hasira,
Jamila

Brussels, 14 Septemba

Jamila,

Salamu sina. Afya usiulize.

Zuberi anakunywa chai akinitazama ninavyopigana na soksi. Nikimwita anasema, "Jamila amekataza." Jamila ni nani? Nilikubeba mgongoni ukiwa na surua! Jana Maman Yasmina wa msikitini kaleta wali, kauacha jikoni. Namwambia niletee. "Tonton, jiko si Bujumbura, huhitaji ndege." Wakacheka, ndani ya nyumba yangu! Heshima niliyoijenga Ubelgiji miaka yote hii umeibomoa kwa simu.

Usiniandikie tena.

Kadiri

Bujumbura, 3 Novemba

Mjomba,

Salamu zangu zikufikie hata kama huzitaki. Maji ya tumboni yamepungua? Unalala?

Zuberi haniambii kitu, eti umemwapisha. Ukifa na kinyongo, nitakuwa nimekuua mara mbili: kwa kukupumzisha, halafu kwa kukukera. Nitukane, lakini andika.

Mpwa wako,
Jamila

Brussels, 12 Desemba

Mpwa wangu,

Waalaykum salam. Tumbo bado lina maji, usingizi ni wa kuokoteza. Mama yako ale. Na usifurahi haraka, bado nakukasirikia.

Wiki zote hizi nimekuwa nikiinuka kwenye kiti cha jikoni huku nikikutukana. Nikiinuka, mjinga wewe. Nikikaa, adui wewe. Majirani wanadhani Jamila ni mke aliyenikimbia.

Leo wameniita tena. Anne-Marie kaweka kiti, nami mikono kifuani, nikainuka kama rais aliyesikia wimbo wa taifa lake. Maprofesa wakajaa mlangoni. Bon, alikuwepo mmoja, alikuwa anapita. Nimeandikwa, Jamila. Nimo kwenye orodha. Sasa nangoja simu, na kama ini halitapatikana, hilo ni la Mungu, si la miguu yangu.

Jambo moja, na mama yako asilisikie. Mapaja yangu bado ni ya kuku, na mkanda haukai chini ya tumbo hili. Nilipoinuka mara ya pili, suruali ikadondoka mpaka kwenye viatu. Anne-Marie akasema tupumzike kidogo niivae. Lakini nikiishika, nimetumia mikono, donc naanza upya, na nguvu ya kuanza upya sikuwa nayo. Nikaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho, nikimtazama usoni. Na chupi, Jamila, ilikuwa na tundu nyuma.

Mjomba wako,
Kadiri