Arobaini na Tano ya Baba

Jumamosi, 5 Oktoba 2019

Baba katimiza miaka themanini na minane. Royce kaja kutoka Arizona — ndege, gari la kukodi, miwani ya jua kichwani, na mawingu yote haya ya Iowa! Mimi nilianza kufuma sweta tangu Juni. Nimeoka na keki. Baba akasema, "Ahsante, mama," sweta akaliweka kitini, akalikalia.

Halafu Royce, mdogo wangu, akatoa kisanduku.

Bastola. Ile ya jeshi, nzito, ya risasi nene, aliyokuwa nayo baba vitani Korea. Yaani si yenyewe. Ni mpya, kuna kiwanda kinaziiga za zamani hadi mihuri na ile rangi ya kijivu. Baba akaivuta sehemu ya juu, akachungulia kama haina risasi, akaichekea kama mtu aliyempata rafiki yake stesheni. "Arobaini na Tano!" Ndivyo walivyoiita jeshini, kwa unene wa risasi yake.

Sikumbuki mara ya mwisho kumwona akicheka hivyo. Nikaenda kuosha vyombo. Vilikuwa safi.

Jumapili, 6 Oktoba

Mikono ileile isiyoweza kufunga kifungo cha shati — namfungia mimi kila asubuhi, mimi! — leo imeifungua bastola vipande vipande na kuirudisha. Macho kayafumba. Springi haikumponyoka. Royce anarekodi kwa simu: "Mwoneni mzee wangu! Chuma!" Akaituma kwa ukoo mzima. Shangazi akapiga kutoka Des Moines kumsifu Royce kwa jinsi anavyomtunza baba.

Anavyomtunza! Mtu aliyefika jana.

Risasi nimekataa katakata, haziingii nyumbani. Ziko kwenye buti la gari lake, limefungwa. "Dada, wewe unaogopa kila kitu." Ndiyo, naogopa. Wiki iliyopita baba aliweka viatu ndani ya oveni.

Jumanne, 8 Oktoba

Leo nimeshindwa kujizuia. Baba kaipakata, anaipangusa kwa soksi kuukuu, supu yangu inapoa. Nikamwambia: "Baba, hiyo si yako. Imetengenezwa juzijuzi tu. Ni ya kuiga."

Nilitaka — sijui. Nilitaka aiweke chini.

Akanitazama kama nimesema upuuzi. "Najua. Yangu niliirudisha bohari ya jeshi kule Busan, Korea. Ilikuwa imepauka hapa, pa kidole gumba. Hii bado ngeni." Akaipapasa. "Lakini uzito ni uleule."

Halafu akaniuliza, kwa adabu kabisa, mimi ni nani.

Kipande cha chuma anakijua vizuri. Mimi ninayemkata kucha, hapana.

Alhamisi, 10 Oktoba

Royce anataka kumchukua. Tucson, huko kwake Arizona! Eti nyumba ni kubwa, joto linafaa viungo, na uwanja wa shabaha uko karibu. "Umechoka, dada. Jitazame kwenye kioo." Kweli nimechoka. Nikamwambia aende zake. Bastola moja tu na keshakuwa mtoto mwema!

Jumamosi, 12 Oktoba

Utotoni baba na Royce walikuwa wakienda kulenga makopo wao wawili, nyuma ya ghala la mahindi. Mimi na mama tulibaki kumenya njegere. Milio nikiisikia dirishani. Hakuna aliyewahi kuniuliza, "Verlene, na wewe?"

Leo nikasema nakuja. Royce akashangaa. "Wewe?" Mimi.

Uwanjani kuna Delmar, msimamizi, mwenye ndevu hadi kifuani. Akampigia baba saluti. "Karibu, Sajini." Baba akanyooka mgongo, hata fimbo akaisahau. Delmar akasimama ubavuni pake, akamtilia risasi chache. Mlio! Kifua chote kilinitetemeka. Baba alikosa karatasi ya shabaha kabisa, hakujali. Royce akapiga, akakosa katikati.

Kisha baba akanigeukia, akanikabidhi bastola. Akasimama nyuma yangu, mikono yake juu ya yangu. Ilikuwa imetulia. "Triga usiivute kwa hasira. Ikamue, kama unakamua ng'ombe. Acha ikushtue yenyewe." Harufu yake ya sabuni, ile ninayomnunulia. Nikakamua.

Katikati! Si katikati hasa, kando kidogo. Lakini ndani ya duara!

Baba akanigonga bega. "Vizuri sana, Royce."

Delmar akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Kurudi, baba kasinzia nyuma. Niliona Royce kaubana usukani. Nikadhani Royce atanicheka. Akasema, bila kunitazama, "Unajua hajawahi kuniambia hivyo? Utoto wangu wote. Nikipata, alisema bahati. Nikikosa, nilirudi nyumbani kwa miguu." Akaongeza, "Sasa kalisema neno hilo, na kalisema kwako."

Miaka yote nimemwonea wivu kwa ajili ya makopo yale. Na leo yeye ananionea mimi! Nilitaka kumhurumia. Nimemhurumia kidogo. Ila lile "vizuri sana" simrudishii. Mkono uliopiga ni wangu.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimekubali. Majira ya baridi tu, basi. Royce kaapa atamrudisha theluji ikiyeyuka. Watakwenda kwa gari, baba ndege haziwezi. Nimepanga dawa na soksi. Sweta nimelitia chini kabisa ya sanduku. Nikalitoa. Nikalitia juu.

Bastola wameifungia kwenye kisanduku chake cha kufuli. Funguo anazo Royce, bila shaka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Naandika nimesimama, hapa jikoni.

Baba alikuwa amekaa kitandani, namfunga vifungo. Cha mwisho, cha shingoni. Akanishika mkono, akachungulia mlangoni, akashusha sauti.

"Royce. Tuondoke sasa hivi, kabla Verlene hajarudi."

Nikauliza, "Kwa nini, baba?"

"Atalia. Na akilia yule, mimi siendi popote."

Nikamwambia nakuja, nafuata koti. Koti ninalo mkononi. Nje Royce kawasha injini, anapiga honi. Mtu mzima, hawezi kuingia ndani kuita!

Nikienda na uso huu, baba ataona. Hajui ni uso wa nani, lakini machozi atayaona.

Naisikia fimbo yake kwenye korido. Anaita.

"Royce! Verlene keshafika?"